Saratani: inavyoanza, inavyosambaa na kinachosemwa na alama zake kwenye vipimo – maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mtu anapokabidhiwa karatasi ya majibu yenye herufi kama PSA, AFP au CA 125 (alama za saratani zinazopimwa kwenye damu), au anapomuuguza ndugu aliyeambiwa ana saratani. Tumeanza na misingi, kisha tukaenda kwenye mambo ya nadra. Kuna jambo moja utaliona likijirudia: namba ya alama peke yake haitoshi. Inaanza kueleweka ukijua aliyepimwa ni nani, alipimwa kwa sababu gani, na mara iliyopita ilikuwa ngapi. Majibu haya ni ya kukusaidia kuelewa, na hayachukui nafasi ya daktari anayekuhudumia.

## Saratani inavyoanza

1. Saratani ni nini hasa?

Ni seli za mwili wenyewe zilizoacha kutii amri za kugawanyika kwa kiasi, kukomaa na kufa wakati wake ukifika, kisha zikapata uwezo wa kuvamia tishu za jirani na kuhamia viungo vya mbali. Uwezo huo wa kuvamia ndio unaoitenganisha saratani na uvimbe wa kawaida. Fibroidi ya mfuko wa uzazi inaweza kufikia kilo kadhaa na bado isiwe saratani, kwa sababu inakua palepale bila kupenya kwenda kwingine. Kidonda kidogo cha ngozi, kwa upande mwingine, kinaweza kuwa saratani kali.

Si kila saratani ina uvimbe. Saratani ya damu huanzia kwenye uboho, na mgonjwa anaweza asiwe na kitu cha kushika popote mwilini.

2. Seli nzuri inageukaje kuwa ya saratani?

Kila seli inapogawanyika hunakili maandishi yake yote ya urithi, yaani DNA, yenye jozi za herufi takribani bilioni 6. Makosa hutokea. Mengi hurekebishwa palepale, na mengine huangukia sehemu zisizo na madhara. Machache huangukia kwenye jeni zinazoamua seli ikue au itulie, na hapo ndipo safari inapoanza.

Jeni hizo ni za aina kuu mbili. Zipo zinazosukuma ukuaji, kama KRAS, ambazo zikiharibika hubaki zimewashwa muda wote. Zipo pia zinazozuia, kama RB1 na TP53. Hii TP53, iliyo kwenye kromosomu ya 17, husimamisha seli yenye DNA iliyoharibika ili irekebishwe, au huiamuru ife. Takribani nusu ya saratani zote za binadamu zina TP53 iliyoharibika. Kwa jeni za kuzuia, kwa kawaida nakala zote mbili, ya baba na ya mama, lazima ziharibike. Alfred Knudson alieleza jambo hilo mwaka 1971 alipochunguza saratani ya jicho ya watoto.

Kosa moja halitoshi. Yanahitajika kadhaa yakusanyike katika ukoo mmoja wa seli, na ndiyo maana saratani nyingi huja umri ukishasonga. Saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi ya kirusi cha HPV hadi saratani yenyewe, ingawa kwa mwanamke mwenye kinga iliyodhoofika inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Muda huo mrefu ni nafasi kubwa ya kuokoa maisha, na inasikitisha jinsi inavyopotea bure (tazama swali la 18).

3. Makosa hayo yanasababishwa na nini?

Mengine ni bahati mbaya ya kunakili tu. Mengine yana chanzo kinachojulikana. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliona saratani ya ngozi ya korodani kwa waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi tangu utotoni, akaihusisha na masizi. Leo tumbaku ndiyo inayoongoza miongoni mwa visababishi vinavyoweza kuepukika. Pombe, mionzi, jua kali kwa ngozi nyeupe au isiyo na rangi ya asili, unene uliokithiri na asbesto zimo kwenye orodha hiyo pia.

Maambukizi huchangia takribani asilimia 13 ya saratani zote duniani. Kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Hepatitisi B na C huharibu ini. Bakteria wa *Helicobacter pylori* huhusika na saratani ya tumbo. Daktari Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda mwaka 1958, na kutoka kwenye uvimbe huo ndipo mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kilipoonekana kwa mara ya kwanza.

Inashangaza kwamba baadhi ya visababishi huacha nyayo zake. Aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya, hupenda kuharibu TP53 mahali pamoja mahususi, nafasi ya 249. Mtaalamu akisoma DNA ya uvimbe wa ini na kukuta kosa hilo, anaweza kukisia mgonjwa alikuwa anakula nini miaka mingi iliyopita.

4. Je, saratani inarithiwa?

Asilimia 5 hadi 10 ya saratani hutokana na jeni mbovu iliyorithiwa moja kwa moja. Kinachorithiwa si saratani, ni nakala moja iliyoharibika tayari, kwa hiyo mtu huyo anaanza maisha akiwa amebakiwa na kinga ya nakala moja tu. BRCA1 ilitambuliwa mwaka 1994 na BRCA2 mwaka 1995. Zikiharibika, huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, na kwa wanaume huongeza hatari ya saratani ya tezi dume na hata ya matiti. Baba anaweza kumrithisha binti yake jeni hiyo bila yeye kuugua, kwa hiyo historia ya upande wa baba ni muhimu sawasawa na ya upande wa mama.

Cha kuangalia katika ukoo ni ndugu kadhaa wa damu wenye saratani zinazohusiana, saratani iliyokuja mapema kabla ya miaka 50, au mtu mmoja aliyepata saratani mbili tofauti.

5. Inaambukiza?

Hapana. Kula naye, kulala naye, kumwogesha au kumbusu mgonjwa hakukuambukizi saratani. Vinavyoambukizwa ni baadhi ya virusi vilivyotajwa kwenye swali la 3, na wengi wanaovipata hawaishii kupata saratani. Wanyama wachache wana saratani zinazoambukizana kweli, kama ile ya usoni ya mnyama wa Tasmania na ile ya sehemu za siri za mbwa. Kwa binadamu jambo la karibu na hilo ni pale kiungo kilichopandikizwa kinapokuja na seli za saratani za mtoaji, na hutokea kwa nadra sana. Kumtenga mgonjwa kwa hofu hii ni kumuumiza bure.

6. Kwa nini kinga ya mwili haiziui seli hizo?

Mara nyingi huziua. Zinazobaki ni zile zilizojifunza kujificha. Baadhi huvaa protini iitwayo PD-L1, ambayo huishika seli ya kinga na kuipa ishara ya kutulia. James Allison na Tasuku Honjo walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuondoa breki za aina hiyo, na kutokana na kazi yao zikaja dawa zinazoirudishia kinga uwezo wa kushambulia.

7. Sukari inalisha saratani?

Seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi. Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920, na picha za PET, zinazopigwa baada ya kudungwa glukosi yenye mionzi kidogo, hutumia tabia hiyohiyo kuonyesha uvimbe ulipo. Lakini mwili hulinda kiwango cha glukosi kwenye damu hata usipokula sukari kabisa, kwa hiyo kuacha sukari hakuufishi uvimbe kwa njaa. Kupunguza sukari ili kudhibiti uzito ni jambo jema. Mgonjwa anayekonda katikati ya matibabu kunyimwa chakula kwa imani hii ni hatari.

## Saratani inavyosambaa

8. Inatokaje sehemu moja kwenda nyingine?

Kwanza uvimbe unahitaji damu. Judah Folkman alipendekeza mwaka 1971 kwamba bila mishipa mipya ya damu uvimbe hukwama ukiwa na milimita 1 hadi 2. Ukishaita mishipa hiyo, unapata chakula na pia unapata mlango wa kutokea.

Baada ya hapo seli hulegeza gundi inayozishikanisha na wenzake, huyeyusha utando uliozizunguka kwa vimeng'enya, na kuingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu. Ndani ya damu nyingi hufa: zinasukwasukwa, zinashambuliwa na kinga, zinakosa pa kushika. Chache hunasa kwenye mishipa midogo ya kiungo kingine, hupenya nje, na chache zaidi kati ya hizo huanza kukua. Ni safari ambayo karibu kila msafiri hufia njiani, ila uvimbe mkubwa hutoa wasafiri wengi kila siku. Mwaka 1869 Thomas Ashworth, huko Australia, alikuwa ameshaona kwenye damu ya marehemu seli zilizofanana na zile za uvimbe wake.

9. Kwa nini saratani fulani hupenda viungo fulani?

Sababu ya kwanza ni njia. Damu ya utumbo mpana hupitia ini kabla ya kurudi kwenye moyo, kwa hiyo saratani ya utumbo mara nyingi huonekana kwenye ini kwanza. Sababu ya pili ni makazi. Mwaka 1889 Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti na kuona kwamba viungo havikupata mgawo sawa, kama vile seli zilikuwa zinachagua pa kukaa. Saratani ya tezi dume hupenda mifupa kwa sababu seli zake na seli za mfupa hupeana kemikali za kukuza.

Saratani ya titi iliyofika kwenye ini inabaki kuwa saratani ya titi. Hutibiwa kwa dawa za titi, na chini ya hadubini huonekana kama titi. Familia nyingi huambiwa "sasa imekuwa ya ini" na kuanza kutafuta tiba ya ini, wakati si hivyo.

10. Hatua ya 1 hadi ya 4 maana yake nini?

Hatua huangalia mambo matatu: ukubwa wa uvimbe na ulivyopenya, kama tezi za limfu zimeguswa, na kama umefika viungo vya mbali. Hatua ya 4 kwa kawaida ina maana kwamba umeshafika mbali. Usichanganye hatua na daraja. Daraja husema seli zinaonekana kali kiasi gani chini ya hadubini, na uvimbe mdogo wa hatua ya 1 unaweza kuwa wa daraja la juu.

11. Kuchukua kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa) au kupasuliwa kunaisambaza?

Hofu hii imewachelewesha watu wengi mno, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye madhara kuliko imani zote zilizo kwenye ukurasa huu. Hewa kuingia wakati wa upasuaji haisambazi saratani. Kinachotokea ni kwamba wengine hupasuliwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na daktari anauona baada ya kufungua. Watu wanasema upasuaji ndio uliousambaza.

Sindano ya kinyama kupandikiza seli kwenye njia yake hutokea kwa nadra, na madaktari wanajua ni wapi pa kuwa waangalifu. Korodani inayoshukiwa haichomwi sindano kupitia kwenye mfuko wake, huondolewa nzima kupitia kinena. Saratani ya ini kwa mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, mara nyingi hutambuliwa kwa picha peke yake. Kwa sehemu nyingine nyingi, bila kinyama hakuna anayejua anatibu nini.

12. Kwa nini inarudi baada ya miaka mingi?

Seli chache zilizofika mbali zinaweza kulala. Hazigawanyiki, kwa hiyo dawa zinazoua seli zinazogawanyika huzipita. Saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni, yaani inayokuzwa na homoni hiyo ya kike, inajulikana kwa kurudi hata baada ya miaka 10 au 20, na hiyo ndiyo sababu dawa za homoni hutumiwa kwa miaka 5 au zaidi ingawa mgonjwa anajisikia mzima.

## Alama za kibayolojia

13. Alama ya kibayolojia ni kitu gani?

Ni chochote kinachopimika mwilini kinachohusiana na saratani: protini kwenye damu, kipokezi juu ya seli, kosa kwenye jeni, hata kipande cha DNA kinachoelea. Ya zamani zaidi inayojulikana ni protini ya Bence Jones, iliyoonekana kwenye mkojo wa mgonjwa wa saratani ya uboho miaka ya 1840. AFP iliripotiwa miaka ya 1963 na 1964, na CEA mwaka 1965.

Kazi zake hutofautiana, na ndipo mkanganyiko unapoanzia. Alama moja inaweza kuwa nzuri ya kufuatilia matibabu na mbaya ya kutafuta ugonjwa kwa mtu mzima wa afya. Nyingine haisemi kama una saratani, inasema dawa ipi itafaa. Kabla ya kuuliza "namba yangu ni nzuri?", uliza "kipimo hiki kilikuwa kinajibu swali gani?"

14. Zipi hupimwa zaidi kwenye damu?

PSA hutoka kwenye tezi dume na ina swali lake hapa chini. AFP hupanda katika saratani ya ini na baadhi ya saratani za korodani na ovari. hCG, homoni ileile ya kipimo cha mimba, hupanda katika saratani za kondo la nyuma na baadhi za korodani. CEA hufuatilia saratani ya utumbo mpana, na wavuta sigara huwa nayo juu kidogo hata wakiwa wazima. CA 125 hufuatilia ovari, na CA 19-9 hufuatilia kongosho na njia za nyongo. Thairoglobulini ni nzuri sana kwa mtu aliyekwisha kuondolewa tezi ya shingo yote, maana hakuna tena kitu kingine cha kuitengeneza. LDH si ya saratani moja, ila husaidia kukadiria ukubwa wa ugonjwa.

15. Alama yangu iko juu. Nina saratani?

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu mengi hupita bila tone. CA 125 hupanda wakati wa hedhi, katika ujauzito, kwa fibroidi, endometriosisi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), maji tumboni na hata ini likiwa na shida. CA 19-9 hupanda mara nyingi nyongo ikiziba kwa mawe, kisha hushuka njia ikifunguliwa. AFP hupanda katika hepatitisi na kwa mwanamke mjamzito.

Daktari hutazama urefu wa namba, kasi yake na mtu mwenyewe. CA 125 ya 60 kwa msichana wa miaka 25 aliye kwenye hedhi na 60 kwa mama wa miaka 65 mwenye tumbo linalojaa ni habari mbili tofauti kabisa. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa, kisha picha. Uthibitisho wa mwisho kwa saratani nyingi hutoka kwenye kinyama.

16. Basi kwa nini watu wote wasipimwe alama zote kila mwaka?

Tufanye hesabu. Chukua watu 100,000 wasio na dalili yoyote, 100 kati yao wana saratani fulani bila kujua. Kipimo ni kizuri: kinawanasa 90 kati ya hao 100, na kinakosea kwa watu 2 tu kati ya kila 100 wasio na ugonjwa. Wasio na ugonjwa ni 99,900, kwa hiyo kitawatisha watu 1,998 bure. Walioambiwa "chanya" wote ni 2,088, na wenye saratani kweli ni 90, yaani takribani mtu 1 kati ya 23. Waliobaki watapigwa picha, watachomwa sindano, wengine watapasuliwa.

Sasa tumia kipimo hichohicho kwa watu wenye uvimbe na dalili, ambao 30 kati ya kila 100 wana ugonjwa. Safari hii 95 kati ya kila 100 wenye jibu chanya kweli wanao. Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika.

Haya yamejaribiwa kwa watu halisi. Uingereza iliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 waliovuka ukomo wa hedhi, wengine wakipimwa CA 125 kila mwaka, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha kwamba vifo vya saratani ya ovari havikupungua, ingawa baadhi ya uvimbe ulipatikana mapema. Japani iliwapima watoto wachanga mkojo nchi nzima kutafuta neuroblastoma, saratani ya watoto ya seli za neva. Wengi walipatikana nayo, lakini vifo havikupungua, kwa sababu nyingi kati ya uvimbe huo zingetoweka zenyewe. Mpango huo ulisitishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kugundua ugonjwa ambao usingemdhuru mtu ni madhara halisi, hata kama kunafanana na ushindi.

17. Alama iko chini. Niko salama?

Si lazima. Saratani changa mara nyingi haijatoa kitu cha kutosha kupimika. Kuna saratani za ini zisizotoa AFP. Asilimia 5 hadi 10 ya watu wana aina ya damu inayowafanya wasiweze kabisa kutengeneza CA 19-9, kwa hiyo hata kongosho likijaa saratani namba yao hubaki chini. Ukiwa na uvimbe unaokua, damu isiyo ya kawaida, kumeza kwa shida au kukonda bila sababu, karatasi ya alama iliyo safi isikurudishe nyumbani.

18. Ni uchunguzi upi basi unaookoa maisha?

Ule uliothibitika kupunguza vifo, kwa watu wanaofaa. Kipimo cha HPV cha mlango wa kizazi hutafuta kirusi kabla saratani haijaanza. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kufikia miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wenye ugonjwa watibiwe. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo kubwa hunasa saratani ya utumbo mpana na viotea vya ndani yake vinavyoweza kugeuka saratani. Mamografia, yaani eksirei ya titi, hutumika kwa saratani ya titi. Kwa mtu mwenye sirosisi, picha ya mawimbi ya sauti ya ini kila miezi 6, mara nyingi pamoja na AFP, ina maana kubwa, kwa sababu kundi hilo lina hatari kubwa. Hesabu ya swali la 16 ndiyo inayoeleza tofauti hiyo.

19. PSA yangu ni 5. Nifanye nini?

Usikimbilie kisu. Kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 waliochukuliwa kinyama, takribani 1 kati ya 4 hukutwa na saratani. Kwa upande wa pili, utafiti mkubwa wa Marekani ulikuta saratani kwa asilimia 15 ya wanaume waliokuwa na PSA ya 4 au chini yake. Hakuna mstari unaotenganisha wazima na wagonjwa.

Angalia kwanza vinavyoipandisha: tezi iliyokua kwa umri, maambukizi ya mkojo, mkojo kuziba, mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, kumwaga manii au kuendesha baiskeli sana siku mbili kabla. Ukiwa na maambukizi, tibu kwanza na usubiri wiki 6 hadi 8. Unatumia finasteridi ya tezi dume? Mwambie daktari, kwani dawa hiyo hushusha PSA kwa takribani nusu, na 3 yako inaweza kuwa 6 halisi. Namba ikibaki juu, pale penye kipimo cha picha cha MRI ni bora kianze kabla ya sindano. Na saratani ya daraja la chini ikipatikana, kufuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa ni tiba inayokubalika kabisa.

Aliyeondolewa tezi yote ni habari nyingine: PSA yake inatakiwa ishuke hadi isionekane ndani ya wiki chache, na ikianza kupanda hata kidogo inahitaji maelezo.

20. Kinyama kikifika maabara kinafanywa nini?

Kinawekwa kwenye formalini, kinagandishwa ndani ya nta, kisha kinakatwa vipande vyembamba vya mikromita 4 hivi, unene usiofikia hata wa nywele. Kipande hupakwa rangi mbili, viini vya seli vikawa vya zambarau na sehemu nyingine waridi. Mwanapatholojia hutazama kama viini vimevimba, vimepoteza umbo, vinagawanyika ovyo, na kama seli zimevuka mpaka wake.

Kisha vipande vingine hupakwa kingamwili zinazonata kwenye alama moja tu na kutoa rangi ya kahawia. Kwa titi, hutafutwa vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na HER2, protini ya juu ya seli inayosukuma ukuaji. HER2 hupewa 0, 1+, 2+ au 3+. Ya 3+ huzingira seli kwa duara zito la kahawia, na ya 2+ ni shaka inayohitaji kipimo cha jeni. Asilimia 15 hadi 20 za saratani za titi zina HER2 nyingi, na tangu trastuzumab, dawa inayoilenga protini hiyo, iidhinishwe mwaka 1998, alama hiyo iliyokuwa habari mbaya imekuwa mlango wa tiba. Kinyama kikichelewa kuwekwa kwenye formalini, au kikikaa humo muda usiofaa, rangi hizi hudanganya. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama vipokezi vyake vimepimwa.

21. Kile kipimo kipya cha damu kinachotafuta DNA ya uvimbe je?

Seli zinapokufa humwaga vipande vya DNA kwenye damu, na vya uvimbe vina makosa yake. Vipande hivyo huondoka ndani ya saa chache, kwa hiyo huonyesha hali ya sasa. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachotafuta kosa la jeni ya EGFR ili kuchagua dawa ya saratani ya mapafu. Kwa kuchagua dawa na kugundua ukinzani, kipimo hiki kimeshajithibitisha. Kwa kutafuta saratani kumi au hamsini kwa mtu mzima wa afya, bado, kwa sababu za swali la 16.

Kipo pia kizingiti kisichozungumzwa sana: watu wenye umri mkubwa huwa na seli za damu zilizobeba makosa ya jeni bila kuwa na saratani, na kipimo kinaweza kuyahesabu kama ya uvimbe. Maabara makini hulinganisha na chembe nyeupe za mtu huyohuyo.

## Mambo ya pembeni

22. Maabara mbili zimenipa namba tofauti. Ipi ni ya kweli?

Huenda zote. Mashine tofauti hutumia kingamwili tofauti. Kwa kufuatilia matibabu, baki na maabara moja. Ukilazimika kuhama, rudia kipimo huko kupata namba mpya ya kuanzia.

23. Vidonge vya nywele na kucha vinaweza kuharibu majibu?

Ndiyo, vikiwa na biotini nyingi. Vipimo vingi hutumia biotini katika utendaji wake, na ikizidi kwenye damu inaweza kushusha au kupandisha namba kwa uongo. Taja kila unachomeza. Kosa jingine la nadra ni alama kuwa nyingi mno kiasi cha kuizidi mashine, ikatoa namba ndogo. Jibu likipingana na hali ya mgonjwa, daktari anaweza kuomba damu izimuliwe na kupimwa upya.

24. Nimeanza kemo na alama imepanda. Dawa haifanyi kazi?

Wiki za mwanzo alama inaweza kuruka juu kwa sababu seli zinazokufa zinamwaga vilivyomo. Namba moja ya wakati huo isikukatishe tamaa. Baadaye mshuko wake huwa na kasi inayotarajiwa: hCG hupungua kwa nusu kila siku 1 hadi 1.5, AFP kila siku 5 hadi 7. Ikishuka polepole kuliko hapo, ni ishara ya kuangalia upya.

25. Maabara imesema seminoma, lakini AFP iko juu. Inawezekana?

Seminoma, aina mojawapo ya saratani ya korodani, ikiwa halisi haitoi AFP. AFP ikiwa juu na ini halina shida, kuna aina nyingine ya uvimbe iliyojificha ndani ya korodani hiyo au mahali pengine, na mgonjwa hutibiwa kama mwenye aina hiyo. Hapa namba ya damu inaweza kulishinda jibu la hadubini, kwa kuwa hadubini huona vipande vilivyokatwa tu.

26. CA 125 imeanza kupanda baada ya matibabu, picha hazionyeshi kitu. Nianze dawa leo?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha wanawake waliorudishwa kwenye kemo mara CA 125 ilipopanda na waliosubiri dalili. Waliowahi hawakuishi muda mrefu zaidi, ila walitumia muda mwingi zaidi kwenye dawa. Dawa zimebadilika tangu hapo, kwa hiyo ni mazungumzo ya wewe na daktari wako. Kusubiri kwa macho wazi, ukiwa na tarehe ya kipimo kinachofuata, ni uamuzi halali.

27. Niende na nini kwenye miadi?

Majibu yote ya zamani, si la mwisho tu, kila moja likiwa na tarehe, kizio cha kipimo na jina la maabara. Ripoti kamili ya kinyama, pamoja na vipokezi kama vilipimwa. Majina ya dawa zote, za asili na virutubisho vikiwemo. Orodha ya ndugu wa damu waliougua saratani, aina yake na umri waliougua nao, upande wa mama na wa baba.